Ng'ombe Gani Anapita?

Elieza wa josho alikuwa mtu wa kuzunguka kilima. Akiona mbele yake watu wanne wamesimama njiani wanaongea, alikata kushoto, akapita kwenye nyasi ndefu na kuibukia mbali, suruali imejaa mbegu za majani, ili mradi asipite katikati yao na kuulizwa habari za nyumbani. Si kwamba aliwachukia watu. Maneno yalimkwama tu. Mkewe Dafroza, binti wa wakulima wa kahawa kule Kimuli, alizoea kumtania mbele ya wageni.

"Baba Vero akiulizwa njia ya kwenda Kayanga, anaelekeza kwa kidevu," alisema. "Ukimuuliza mara ya pili, anakusindikiza mpaka Kayanga ili asijibu."

Wageni walicheka. Elieza naye alicheka, akitazama vidole vya miguu yake.

Mbele ya ng'ombe alikuwa mtu mwingine. Alizaliwa katika nyumba ya wafugaji, kwenye mbuga za upande wa Kihanga. Alimaliza darasa la saba, akarudi kuchunga ng'ombe wa baba yake kana kwamba miaka ile saba ilikuwa safari ya kisimani. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilipowamaliza ng'ombe wale, mmoja baada ya mwingine ndani ya msimu mmoja wa mvua, alibaki na fimbo mkononi bila cha kuswaga. Ndipo chama cha wafugaji kilipokarabati josho la zamani na kutafuta mtu wa kukaa langoni kila Alhamisi. Walimchukua yeye kwa sababu alikaa karibu. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Josho lenyewe ni mtaro mrefu wa saruji uliojaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe huingizwa kwenye njia nyembamba ya miti, huruka majini, huogelea, kisha hupanda upande wa pili akichuruzika na kukasirika. Kazi ya Elieza ilikuwa kufungua lango, kufunga lango, kukoroga dawa, na kumsukuma kichwa kwa mti mrefu ndama asiyetaka kuzama. Kwa miaka hiyo yote aliwatazama ng'ombe wa kaya sitini na tatu wakipita mbele ya pua yake. Aliwajua kwa pembe, kwa mwendo, kwa alama ya jicho. Aliwajua kwa majina, maana ng'ombe wa wafugaji hapo hana namba. Ana jina, na mara nyingi jina lake ni rangi yake. Mwekundu wa kung'aa ni Gaju. Yule wa kahawia iliyokolea ni Bihogo. Wakiwa wengi wa rangi moja, huongezewa jina la mama: Bihogo wa Gaju, Bihogo wa yule mwenye pembe iliyovunjika. Elieza alijua mpaka bibi zao.

Jambo moja tu hakulifanya kamwe. Hakuwahesabu.

Baba yake alimfundisha hivyo akiwa mdogo, na baba wa kila mfugaji wa pale alifundisha vivyo hivyo. Ng'ombe hahesabiwi. Kumhesabu ni kumnyooshea kidole, na anayenyooshewa kidole ameshaanza safari. Jioni mwenye mji husimama kwenye mlango wa zizi akitazama wanavyoingia, na kama mmoja amepotea hasemi "wamepungua". Husema, "Bihogo yuko wapi?" Wapo wanaokwenda kanisani kila Jumapili, wanaimba kwaya, wana watoto vyuoni, lakini ukimuuliza mmoja wao ana ng'ombe wangapi, atakuuliza kama mvua ilinyesha kwenu.

Maisha yangeendelea hivyo, lakini mwaka jana kupe hawakufa. Ng'ombe walioga Alhamisi, na Jumatatu kupe walikuwa wamejaa masikioni kama kawaida. Ndama wakaanza kufa. Bwana mifugo alipokuja alieleza shida: kila ng'ombe anayepita huondoka na dawa kwenye manyoya yake, hivyo lazima mtu ajue wamepita wangapi ili aongeze dawa ya kutosha. Elieza alikuwa anakadiria kwa kuchovya kijiti na kunusa. Pua yake ilikuwa nzuri, lakini haikutosha.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Jasson, mkulima wa migomba mwenye ng'ombe watatu wa maziwa, ambao aliwataja kwa idadi mbele ya watu bila kupepesa jicho. Jasson alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Alipata kompyuta ndogo ya kukunja, iliyotumika lakini nzima, akaifunga kwenye kibanda cha josho pamoja na sola, akamwita fundi.

Fundi aliitwa Projest. Alikuwa kijana kutoka familia ya wakulima wa Kiruruma, mcheshi, asiyemaliza sentensi bila kucheka. Alichukua orodha ya wafugaji, akakaa siku nzima, na alipoondoka uso wa kompyuta ulikuwa umejaa vipicha vidogo, ikoni sitini na tatu, kila moja na jina la mwenye ng'ombe.

"Mzee wangu, kazi ni kubofya tu," Projest alimwambia. "Akija Mzee Akankwasa, bofya Akankwasa. Ukurasa wake unafunguka. Unaandika idadi, unafunga. Kuna ugumu hapo?"

Elieza alitikisa kichwa kwamba hakuna.

Ugumu ulikuwepo. Kidole chake kilizoea mti wa mvule, siyo kile kibao laini cha kupapasa. Alikilenga Akankwasa, akaangukia kwa jirani yake. Ikoni zilibanana kama ng'ombe kwenye njia ya miti. Lakini hilo alilishinda. Baada ya Alhamisi nne alifungua ukurasa sahihi kila mara, akaandika tarehe vizuri, kisha kwenye safu ya idadi hakuandika kitu. Alifunga ukurasa, akarudi langoni.

Jasson alipofungua kurasa zile na kukuta safu nzima nyeupe, alimwita Projest tena. Safari hii fundi alifuta ikoni zote sitini na tatu. Akaacha moja tu katikati, imeandikwa JOSHO.

"Hii ni tofauti," alisema. "Zile zilikuwa zinafunguka kimya kimya, kila moja ikijua pa kwenda. Hii haijui chochote mpaka uiambie. Ukiibofya inakuuliza, kama mtu mwenye nyumba anavyomuuliza anayebisha hodi. Tazama."

Alibofya. Kikatokea kidirisha cheusi chenye maandishi meupe: *Jina la mfugaji?* Projest akaandika jina lake mwenyewe, akabonyeza kile kitufe kikubwa chenye mshale uliopinda. Kidirisha kikauliza tena: *Ng'ombe wangapi?*

"Na hapa, mzee wangu, haikubali tupu. Ukibonyeza bila kuandika, inarudia swali. Itarudia mpaka kesho."

Jasson alifurahi. "Hiyo ndiyo nataka. Isiyoona haya."

Alhamisi iliyofuata wa kwanza kufika alikuwa Mzee Akankwasa. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti la suti lililofifia na fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Ng'ombe wake walijaza zizi lote la kusubiria. Elieza alimwamkia, akaingia kibandani, akabofya. Akaandika Akankwasa, herufi moja moja. Kisha kidirisha kikauliza swali la pili.

Elieza alichungulia dirishani. Alijaribu kufanya mwenyewe, kimoyomoyo. Alianza na yule wa mbele: mmoja. Akahamia wa pili, akajiona kama mtu anayeiba. Akaacha. Akabonyeza mshale bila kuandika kitu. *Ng'ombe wangapi?* Akabonyeza tena. *Ng'ombe wangapi?* Jasson alikuwa amesimama nyuma yake.

"Si umuulize mwenyewe? Yule pale!"

Basi Elieza, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumuuliza mtu hata saa ngapi, alitoa kichwa dirishani. Masikio yalikuwa yanamuwaka.

"Mzee," alisema. "Wa... wangapi?"

Mzee Akankwasa hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Elieza zaidi. Alimtazama tu, kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto wa mtu mwema aliyekutwa amelewa.

"Elieza," alisema, "mimi nilimzika baba yako."

Kisha akapiga mluzi. Ng'ombe wake wakageuka, wakatoka zizini bila kuoga, wakapotea nyuma ya kilima. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni waliangaliana. Mmoja akasema amekumbuka shughuli nyumbani. Mwingine akageuza tu ng'ombe wake. Alhamisi iliyofuata walikuja wafugaji kumi na wawili. Iliyofuata, wanne, na wote ni wakulima wenye ng'ombe wa maziwa wawili watatu, watu wa Jasson mwenyewe.

Jasson hakuwa mtu mbaya. Alikuja nyumbani kwa Elieza, akakaribishwa ndizi na maharage, akala akamaliza, ndipo akasema.

"Baba Vero, sikufichi. Kamati imekaa. Kuna Avelina, yule mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Kihanga. Anajua kompyuta, na haogopi kumuuliza mtu yeyote swali lolote. Tunakupa Alhamisi moja. Wafugaji wakirudi na idadi zikapatikana, vizuri. La sivyo, yeye atakaa kibandani, na langoni wafugaji watapokezana wenyewe. Hatuwezi kuwalipa watu wawili, na kijiji hakiwezi kulea kupe."

Elieza alitikisa kichwa kukubali. Jasson alipoondoka, Dafroza alimtazama mumewe. Alikuwa anakuna mguu wa meza kwa ukucha.

"Hukumwambia kitu."

"Ningemwambia nini?"

"Kwamba hiyo kazi unaitaka, Baba Vero! Mtu miaka kumi na tisa anarudi ananuka dawa ya kupe mpaka nalala nimegeukia ukutani, halafu akija mtu kumnyang'anya anatikisa kichwa kama mjusi!"

"Naitaka," Elieza alisema.

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi ndiye kamati?"

Aliitaka kuliko alivyoweza kusema. Mahali pengine pote, kanisani, sokoni, msibani, Elieza alikuwa mtu wa kusimama pembeni. Josho ndilo lililokuwa mahali pekee duniani ambapo, akiwepo, mambo yalikwenda, na asipokuwepo, watu walisema, "Yuko wapi Elieza?"

Siku ya Jumatatu alikwenda kibandani peke yake. Aliiwasha kompyuta, akabofya JOSHO, akakaa akitazamana na swali lile jeusi. Alikumbuka kwamba Projest alipokuwa anatengeneza, alibofya ikoni kwa kitufe cha upande wa kulia, na ndani yake kukafunguka karatasi ya maneno. Alijaribu. Ikatokea orodha, akachagua alipomwona fundi akichagua, na kweli, karatasi ile ikafunguka. Maneno karibu yote yalikuwa ya kigeni. Lakini katikati yake, kama mtu wa nyumbani katikati ya umati wa Mwanza, palikuwa na maneno anayoyajua: *Ng'ombe wangapi?*

Elieza alifuta "wangapi". Alifikiri kitambo. Kisha akaandika "gani anapita". Akahifadhi, akabofya ikoni.

*Jina la mfugaji?* Akaandika Akankwasa. *Ng'ombe gani anapita?*

Alicheka peke yake, kwa sauti. Hili ndilo swali! Hili hata baba yake angelijibu. Akaandika Gaju, akabonyeza mshale.

Kidirisha kikatoweka. Kilifumba kama jicho na hakikuacha hata alama. Alibofya tena, akaandika Bihogo. Kikafumba. Mara ya tatu, kikafumba. Elieza aliona ameua kompyuta ya chama. Jasho lilimtoka, na hofu ikamfanyia kile ambacho Dafroza hakuweza kwa miaka mingi: alitoa simu, akampigia mtu.

"Nani? Mzee Elieza wa josho?" Projest alishangaa mpaka akasahau kucheka. "Kumbe una sauti!"

Elieza alimweleza. Ilichukua muda, maana alianza katikati. Alipofika kwenye karatasi ya maneno, Projest alipiga ukelele.

"Umeifungua mwenyewe? Umebadilisha swali? Mzee wangu, darasa la ngapi wewe?"

"La saba."

"Hujaiua. Sikia, umebadilisha mdomo wake, lakini sikio limebaki lile lile. Linasubiri namba. Ukiliambia Gaju linaona umelitukana, linaondoka. Lakini kwa nini hutaki kuandika namba tu? Nyie wafugaji mna nini? Sisi kwetu tunahesabu migomba mchana kweupe na haijawahi kukimbia."

"Mgomba haujui umehesabiwa," Elieza alisema.

Projest alicheka, lakini kicheko cha mtu aliyeshindwa. "Haya. Unataka nini hasa?"

Elieza alifumba macho ili aseme vizuri. "Iniulize anapita nani. Nimwambie jina. Iniulize tena. Nimwambie mwingine. Wakiisha, nibonyeze bila kuandika, ijue wameisha. Idadi ijijulie yenyewe huko ndani. Mimi isinionyeshe. Imwonyeshe mwenyekiti, huko kwake, apime dawa."

"Isikuonyeshe?"

"Sitaki kujua."

"Na hawa wenye jina moja? Gaju wako kumi!"

"Kila mmoja anapita mara yake."

"Hee," Projest alisema pole pole. "Hee, mzee. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Kesho kutwa nipo Kihanga. Nakuja."

Alikuja Jumatano asubuhi, akaitengeneza, sikio na mdomo. Idadi aliiweka kwenye ukurasa unaofunguliwa kwa neno la siri la mwenyekiti. Elieza aliuliza swali moja tu: akiandika herufi tatu za jina, itaelewa? Projest alimwambia hata moja inatosha, kwani yenyewe inajua tu kwamba kuna aliyepita. Elieza alilipima jibu hilo, akaamua ataandika majina yote kamili. Ng'ombe kuitwa herufi moja, aliona si adabu.

Ilibaki sehemu ngumu. Mchana huo alipanda kwenda kwa Mzee Akankwasa. Hakuzunguka kilima. Kwenye baraza ya nyumba walikuwa wamekaa wazee watatu, na mke wa mzee, Kobusingye, akitikisa kibuyu cha maziwa. Elieza alipita katikati yao wote na kusalimia kila mmoja, sauti ikiwa imekauka kama ngozi iliyoanikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto wa rafiki yangu. Umekuja kuuliza?"

Wazee wengine wakaguna, wakitabasamu chini ya kofia zao.

"Nimekuja kusema," Elieza alisema. Akapewa bakuli la maziwa, akanywa, akashukuru. "Kesho uje uoshe. Sitakuuliza kitu."

"Na hicho kisanduku chako?"

"Kinaniuliza mimi. Kinaniuliza anapita nani."

Mzee Akankwasa aligeuza fimbo mkononi. "Nacho hakihesabu?"

Hapo Elieza angeweza kusema hakihesabu, na mambo yakaisha. Alitazama maziwa yaliyobaki ndani ya bakuli.

"Kinahesabu," alisema. "Kwa siri. Mimi hakiniambii. Wewe hakikuambii. Kinamwambia mwenye dawa tu, ili kupe wafe. Ndama wako watatu walikwenda mwaka jana, mzee, na mimi niliwaosha kwa mikono yangu, kwenye maji yasiyo na nguvu. Yule wa Bihogo alinilamba mkono akitoka."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Kobusingye alikuwa ameacha kutikisa kibuyu. Elieza akaaga, akashuka bila kujua jibu.

Alhamisi, Jasson alifika na Avelina. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, miwani kichwani, begi begani. Alimwamkia Elieza kwa heshima, akapiga goti kidogo.

"Mwenyekiti amesema nikae nione," alisema. "Usinichukie, baba."

"Karibu," Elieza alisema, akampa kiti chake mwenyewe. Hakujua la kufanya zaidi.

Saa tatu hapakuwa na mtu. Saa nne walikuja wakulima wawili. Jasson alianza kutazama saa. Ndipo pembe zikaonekana juu ya kilima, halafu migongo, halafu koti la suti lililofifia. Nyuma ya mzee kulikuwa na makundi mengine mawili, na vumbi la jingine.

"Avelina, anza wewe," Jasson alisema. "Tuone kasi."

Vidole vya Avelina viliruka. Ikoni, jina la mfugaji, mshale. Yote kwa pumzi moja. Kidirisha kikauliza: *Ng'ombe gani anapita?* Avelina akatazama nje. Mbele ya lango alisimama ng'ombe mwekundu. Nyuma yake, mwekundu mwingine. Nyuma yake, wa kahawia, na nyuma, bahari ya pembe.

"Shikamoo babu," alisema kwa uchangamfu. "Huyu wa mbele anaitwa nani?"

Mzee Akankwasa alimtazama ng'ombe, akamtazama Avelina. "Marahaba, mjukuu wangu. Mwulize mwenyewe, labda leo ameamka vizuri."

Foleni nzima ikacheka. Avelina naye akacheka, lakini vidole vilisimama.

"Gaju," sauti ilisema kutoka langoni. Elieza alikuwa ameshika mti wake mrefu, uso umeelekea majini. "Huyo Gaju wa Kyozi. Wa nyuma yake, Gaju binti yake. Kisha Bihogo."

Avelina akaandika. Ng'ombe wakaanza kuruka, mmoja baada ya mwingine, maji yakipiga kuta. Elieza alifungua, akafunga, akasukuma, na hakuacha kutaja. Hakuinua sauti, hakumtazama mtu. Majina yalimtoka kama yanavyomtoka mtu anayewaita watoto wake mezani. Mzee Akankwasa aliinamia dirisha la kibanda, akiangalia maandishi meupe yanavyoshuka, midomo yake ikijongea pamoja na sauti ya Elieza. Mara moja tu alimsahihisha.

"Huyo ni mtoto wa yule mkubwa, siyo wa mdogo wake."

"Wa mdogo wake, mzee," Elieza alisema. "Yule wa mkubwa alikuwa na baka sikioni. Mlimtoa mahari kwa kina Manirakiza."

Mzee alifikiri. Akapiga paji la uso. "Kweli! Tulimtoa mahari."

Kundi la mzee lilipokwisha, Avelina alibonyeza mshale bila kuandika, na kidirisha kikafumba kwa amani. Likaingia kundi la pili, na Elieza akawataja. Walipofika katikati ya la tatu, Avelina aliacha kuandika, akavua miwani kichwani na kuikunja.

"Mwenyekiti," alisema, "ngoja nikuambie ukweli. Mimi nimekaa hapa naandika insha ya mtu mwingine."

"Lakini unaandika haraka," Jasson alisema.

"Haraka ya nini? Mashine haijali ninavyoandika, inauliza swali ambalo mimi sina jibu lake. Ukiniweka hapa na kumtoa yeye, nitakaa na swali hilo mpaka jioni. Ukimweka yeye na kunitoa mimi, foleni itakuwa ndefu kidogo, basi." Akasimama, akageuza kiti kuelekea langoni. "Baba, njoo kwenye kiti chako. Kile kibao ukibonyeze taratibu, usikikandamize kama unamkamua ng'ombe."

Elieza hakusogea. Alimtazama Jasson, usoni kabisa, jambo ambalo Jasson alilieleza baadaye kama ajabu ya siku ile.

"Naitaka hii kazi," Elieza alisema.

Jasson alikuna kidevu. Alitazama foleni iliyofika mpaka kwenye kichuguu. Alikuwa mtu wa utaratibu, na alichokiona mbele yake, hata kama si utaratibu aliouwaza, kilikuwa kinakwenda.

"Basi kaa," alisema. "Lango nitalishika mimi leo. Nipe huo mti."

Watu walishangilia kumwona mwenyekiti wa chama, mkulima wa migomba, akisukuma ndama kichwa huku viatu vikilowa. Ushauri ulimjia kutoka kila upande, na mwingi haukuwa na heshima. Kibandani, Elieza aliandika kwa vidole viwili, pole pole, majina kamili. Kidirisha kilimuuliza, naye akajibu. Kilimuuliza tena, akajibu tena. Hakuhitaji kumuuliza mtu yeyote.

Saa nane josho lilikuwa limetulia. Jasson aliingia na viatu vyake mkononi, akamwomba Elieza apishe kidogo, akaandika neno lake la siri. Elieza alitoka nje. Alimsikia mwenyekiti akishusha pumzi kwa mshangao, akisema, "Kumbe!" Kisha Jasson akabeba dumu la dawa, akaenda kwenye ukingo wa mtaro na kuanza kupima kwa kikombe, akihesabu kwa sauti, kama ilivyo tabia yake.

Elieza aligeuka, akampa mgongo yeye na vikombe vyake, akaziba masikio kwa viganja viwili, na akatazama kilima walikopanda ng'ombe wa watu, wakiwa bado wanang'aa kwa maji.